Historia ya Donatus Ngusa, Aliyesoma kwa Jina la Mwenzake

Ndugu waombolezaji, wachungaji, wazazi wetu wa Samuye na wageni wetu kutoka chuoni Kahama, kabla ya kuanza familia inaomba ieleweke kwamba marehemu tunayemzika leo anaitwa Donatus Ngusa, ingawa wengi mmekuja na shada lililoandikwa Sostenes Mwigulu, na Sostenes Mwigulu ndiye huyu anayewasomea, mzima wa afya, aliyeteuliwa na familia kuisoma historia hii kwa sababu sehemu yake kubwa inamhusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa Samuye, Shinyanga Vijijini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngusa na Bi. Esta, ambaye tunaye hapa mbele. Alianza darasa la kwanza mwaka 1984, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1990, na hakuchaguliwa, na wenye umri wetu mnakumbuka nafasi za sekondari zilivyokuwa za kutafuta kwa tochi. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja, sasa ni marehemu naye, alimweleza Mzee Ngusa kwamba kijana angeweza kurudia kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule, na jina lililokuwa wazi daftarini lilikuwa la Sostenes Mwigulu, aliyekuwa ameondolewa darasani kwenda kuchunga ng'ombe wa baba yake, kisha akatokomea Kharumwa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu. Jamani, tusijifanye tunashangaa, maana walioazima majina miaka ile ni wengi, na wengine wamekaa kwenye mahema haya.

Kwa jina hilo marehemu alifaulu, akasoma sekondari mjini Shinyanga kuanzia 1992 hadi 1995, akafanya kazi za ukarani sehemu mbalimbali, na tarehe 2 Februari 2009 akaajiriwa katika chuo kikuu binafsi mjini Kahama, idara ya udahili, dirisha namba mbili. Hapo ndipo alipojulikana. Mzazi aliyetoka Kagongwa au Geita bila kujua tofauti ya astashahada na shahada alielezwa taratibu, akaambiwa ada ya kila programu na gharama zile zisizoandikwa kwenye kipeperushi, akashauriwa kwa upole kama fedha yake ingemfikisha mwaka wa tatu au ingeishia njiani. Na mwombaji ambaye majina ya vyeti vyake yalitofautiana alielekezwa mahakamani kuapa, kazi ambayo marehemu aliifanya kwa uso mkavu miaka yote hiyo, huku moyoni akiungua, kama alivyokuja kukiri mwenyewe.

Tarehe 9 Septemba 2000 alifunga ndoa na Agnetha, na kwa kuwa alibatizwa Donatus, kadi za harusi zilichapwa za aina mbili, za kijijini na za mjini, na Agnetha, ndiye Mama Rhoda wetu, akajizoesha kumwita Baba Rhoda hata kabla mtoto hajazaliwa, ili asikosee mbele za watu. Walijaliwa watoto wawili, Rhoda na Pantaleo, ambao marehemu alikataa katakata kuwaandikisha kwa jina la kuazima. Rhoda alipojiunga na chuo kile kile mwaka 2020, sera ilimruhusu mtoto wa mtumishi kulipa nusu ya ada, lakini Rhoda Donatus hakuwa na baba katika orodha ya watumishi, hivyo marehemu alilipa ada nzima kimyakimya, na wenzake ofisini wakamcheka kwamba ana roho nzuri sana kwa binti wa ndugu yake.

Yeye mwenyewe alianza Shahada ya Utawala hapo hapo chuoni mwaka 2019, kwa jina lile lile la kuazima, akisoma jioni, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu avae joho. Basi Ijumaa ya tarehe 1 Oktoba 2021, msomaji wenu, ambaye ukubwani alikuwa amerudi kwenye elimu ya watu wazima na kupata cheti cha kidato cha nne, alifika dirisha namba mbili kuomba Astashahada ya Uchimbaji Madini. Mfumo ulimkataa, ukisema kwamba Sostenes Mwigulu, wa shule ya msingi ya Samuye, tayari ni mwanafunzi, na kanuni hairuhusu mtu mmoja kusoma programu mbili. Marehemu alimtambua palepale, naye msomaji akamtambua Donatus, wakasalimiana kwa furaha, kisha akaambiwa arudi Jumatatu.

Ingetosha kumwambia mfumo umegoma, aende zake, na mchimba dhahabu angemwuliza nani? Jumatatu marehemu alimkalisha, akamweleza yote, na msomaji, Mungu amsamehe, alimtukana mpaka walinzi wakaja. Marehemu alipanda ghorofani na kukabidhi kwa Msajili barua aliyoiandika kwa mkono, akiijua kanuni neno kwa neno kwa kuwa aliwasomea wengine, kwamba matokeo yatafutwa, ajira itakoma, na ada iliyokwishalipwa hairudishwi. Yote matatu yakatimia kabla ya Novemba kwisha, na msomaji akadahiliwa mara tu matokeo yale yalipofutwa, kwa jina lake.

Habari za marehemu kufukuzwa zilipofika Kharumwa, alikokuwa amerudi msomaji kutafuta ada, msomaji aliona aibu, akapanda gari hadi Kahama, akamkuta marehemu amekaa na kompyuta kwenye kibanda nje ya geti la chuo, akiwajazia vijana fomu za maombi, na tangu siku hiyo wakawa ndugu. Marehemu alianza upya kwa jina lake, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea Novemba 2024 akiwa na miaka arobaini na nane, akafaulu, akaomba Astashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu katika chuo kile kile kilichomfukuza.

Mwezi Mei mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Kahama, kisha Mwanza. Barua ya udahili ilimfikia kitandani tarehe 20 Oktoba 2025, inaanza kwa maneno Ndugu Donatus Ngusa, na Mama Rhoda alipoisoma hadi kwenye ada, marehemu alimwomba aache hayo ya ada, arudie mstari wa kwanza. Ulirudiwa mara nyingi. Alifariki Jumapili ya tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, wachimbaji wa Kharumwa mliochanga, na watumishi wa chuo mliokuja licha ya yote, wabeja sana. Kadi iliyokuwa kwenye shada lenu msomaji ameichukua, ni mali yake, itatumika siku yake ikifika. Tunawaomba jambo moja tu, kwamba kila aliyefanya naye kazi, akifika kaburini kutupa udongo, amtaje kwa jina lake, kwa sababu miaka yote ile pale dirishani hakuna aliyemwita hivyo.

Donatus Ngusa, pumzika kwa amani, kwa jina lako.