Mama Rudi Anastaafu, Faili la Mwisho Liko Mezani Kwangu

Mwalimu Levina Mihayo, mhadhiri mwandamizi na msimamizi wa tafiti za mwaka wa mwisho katika chuo chetu cha sayansi za afya hapa Tabora, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kumi na minne kati ya hiyo nimeitumikia mlango wa pili kutoka kwake, nikiwa mratibu wa mitihani, yaani mtu anayelaumiwa matokeo yakichelewa. Wenzangu waliponichagua niandike wasifu huu walidhani wananipa heshima. Wamenitonesha kidonda.

Mwalimu Levina alizaliwa Kwihara, katika familia ya Wamoraviani waliolima mpunga na karanga. Alianza hapa akiwa mkufunzi wa maabara, akapelekwa masomoni Dar es Salaam, na kila mtu akajua huyo ndio kaenda moja kwa moja. Hakwenda. Alirudi na shahada mbili na boksi zima la kalamu za kijani, kwa maelezo kwamba wino mwekundu unawatisha vijana. Leo hii muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa mwisho ni rangi gani inayomkosesha usingizi.

Kwa wino huo huandika neno moja tu: Rudi. Mwanafunzi anahangaika na rasimu yake miezi, anaipeleka ikiwa imepigwa jalada, anaipokea ikiwa na neno hilo pembeni mwa jedwali. Anarudi kijijini, anauliza upya, anapima upya, analeta. Ukurasa unaofuata unamsubiri na Rudi nyingine. Ndivyo alivyopata jina la Mama Rudi, na ukimwita hivyo anaitika bila kinyongo.

Kubwa zaidi ni sharti lake. Hasaini ripoti ya mtu mpaka mwanafunzi awe amerudi kwa watu aliowapima au kuwahoji, nyumba kwa nyumba, akawaeleza alichokiona. Nimelitafuta sharti hilo katika kanuni za chuo kama mtu anayetafuta sindano kwenye pumba. Halimo. Kila mwaka idara nyingine zimekwisha kufunga hesabu zao na zinakunywa chai, mimi nimesimama mlangoni kwa Mwalimu Levina nikiomba saini kama ombaomba, na yeye ananiuliza kwa upole watoto wangu hawajambo.

Tena hamwamini mtu. Mwanafunzi akisema amekwenda, yeye huchukua mwavuli wake, hupanda bodaboda na kumfuata nyuma. Kuna kijana mmoja, jina namsitiri kwa kuwa sasa ana watoto, alileta utafiti wa vyoo na unawaji mikono wa pale Kwihara, umekamilika kwa wiki moja. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo mzee aliyejibu maswali yote kwa ufasaha, pamoja na lile la kama ananawa mikono kabla ya kula. Mwalimu Levina alikuwa amekaa matanga ya mzee huyo tangu mavuno ya mwaka uliopita. Hakugomba. Aliandika Rudi, halafu kwa huruma akaongeza maneno mawili: ukimkuta, msalimie.

Chuki isinizibe macho, lakini. Mahali pengi watafiti wakipiga hodi, wenyeji wanatokea mlango wa nyuma, maana wamechoka kuchomwa vidole na watu wasiorudi. Wanafunzi wetu wanapewa kigoda. Kuanzia Kipalapala hadi Kwihara watu wanajua kwamba kijana wa chuo akichukua damu leo, jibu litakuja kwa miguu yake mwenyewe. Sifa hiyo hatukuinunua popote, na imetujengea jina kuliko lile bango la getini.

Ningependa kumalizia hapo, tukala pilau. Haiwezekani, kwa sababu ya Valentino.

Valentino ni kijana wa mwaka wa mwisho aliyekulia jirani na seminari ya Kipalapala, msikivu, mchapakazi, na utafiti wake ulikuwa mzuri: kuangalia ni watu wazima wangapi katika mtaa mmoja wa Cheyo wana ugonjwa wa sukari bila kujijua. Kipimo chake kinataka mtu awe hajala kitu kwa saa nane hivi. Hapo ndipo alipochemka. Kila alipobisha hodi asubuhi alikuta watu wameshakunywa chai na vitumbua. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, aliona Mungu kamfungulia mlango: mtaa karibu wote umefunga! Akaenda kwa shehe wa msikiti kuuliza kama tone la damu ya kidole linaharibu saumu, akaambiwa haliharibu, akaanza kazi saa moja kila asubuhi.

Karibu nusu ya mtaa ikaonekana ina sukari. Aliwaambia papo hapo, kwa masikitiko, akawashauri waende hospitali. Ripoti yake ilikuwa na majedwali ya kuvutia. Mkuu wa kitivo, Dkt. Kornel, alitaka ikasomwe kwenye mkutano wa watafiti. Hata mimi Adinani, ninayekula daku tangu nina akili, niliisoma nikasifu majedwali.

Mwalimu Levina alichukua mwavuli. Alimkuta Bi Zamda, mmoja wa walioambiwa wana sukari, anachambua mchele barazani, akamuuliza siku ile ya kupimwa alikula nini kabla ya adhana. Bi Zamda alimtazama kama mtu aliyetukanwa. “Daku si nilikula, Mwalimu! Saa kumi hiyo. Wali wa nazi, ndizi mbivu, tende, na chai ya maziwa nikaikoleza sukari ili nishinde. Sasa nisile, nidondoke?”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi mtaa mzima umeshiba wali na chai, saa moja Valentino anawapima akijua wana njaa tangu jana. Mtoto wa Kipalapala alijua saumu inafunguliwa saa ngapi. Inafungwa saa ngapi, na kwa sahani gani, hakuuliza.

Mwalimu aliandika Rudi. Valentino alilia ukumbini mbele ya ofisi yangu, na mimi nilitamani kulia naye, maana tarehe zilikuwa zinakimbia. Lakini alirudi. Mwezi Mei wote alipiga hodi Cheyo, akaomba radhi, akapima upya watu ambao safari hii kweli hawajala. Wengi walikutwa wazima. Wachache walikutwa na sukari ya kweli, nao wameanza kliniki. Bi Zamda alimfokea mpaka majirani wakatoka nje, kisha akamwekea chai.

Amebaki mtu mmoja, Mzee Uwesu, fundi cherehani. Yeye alipoambiwa ana sukari hakwenda hospitali. Aliacha chai, akaacha tende, akaacha karibu kila kitu, mpaka suruali alizojishonea mwenyewe zikaanza kumvuka. Baada ya Idd alifunika cherehani yake, akawaambia majirani anakwenda Ujiji kuagana na dada yake kabla siku hazijamwishia. Amekaa huko mpaka leo akisubiri kufa, kwa sababu ya sahani ya daku.

Nikasema apigiwe simu. Mwalimu Levina akasema kwa simu utamwambia nini? Hujampima, hujui kama ni mzima. Na hata angekuwa mzima, “habari ya ugonjwa mlimpelekea kwa miguu, ya uzima msimtupie hewani.” Nikasema basi tumtoe kwenye hesabu, mtu mmoja haharibu utafiti. Akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Misafara ya zamani ilitoka hapa kwenda Ujiji kwa miguu, na mizigo mabegani, na ilirudi. Mzee Uwesu kaenda kwa treni na hajarudi! Juzi tu mpwa wake, Nassibu, ametuletea habari kwamba amemshawishi, na atashuka Tabora Jumatatu ijayo. Bodi ya mitihani inakaa Jumatano. Akighairi, jina la Valentino halitakuwamo, na kijana atasubiri mwaka mzima kuhitimu.

Kwa kanuni, faili la msimamizi anayestaafu linahamia kwa mratibu. Wiki iliyopita Mwalimu Levina aliliweka mezani kwangu, akaweka kalamu ya kijani juu yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo sina raha. Dkt. Kornel ameniambia nisaini yaishe. Mama yake Valentino, Bi Gaudensia, amekuja kutoka Kipalapala, akakaa kitini kwangu bila kuomba chochote, na hilo ni baya kuliko kulia. Mwisho nilimwita kijana mwenyewe nikamwambia nina uwezo wa kumaliza jambo hili sasa hivi.

“Mwalimu, shikamoo,” alisema, kwa kuwa nilikuwa nimesahau hata kumpa nafasi ya kuniamkia. “Mzee wa watu anaaga ndugu zake kwa ajili yangu. Nikivaa joho yeye hajui, nitalivaaje?”

Miaka kumi na minne nimekuwa nikiingoja siku ambayo kalamu itakuwa mkononi mwangu. Nililifungua faili mbele yake, nikaenda kwenye ukurasa wa saini, na pembeni, kwa wino wa kijani, nikaandika lile neno. Umeridhika, Mwalimu Levina? Umeondoka na dawati lako, ugonjwa wako umeniachia mimi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wanafunzi uliowaliza wakawa waganga wa kweli, na watu wa Cheyo, Kipalapala na Kwihara, ahsante. Tumekukasirikia sana, na tutakukosa zaidi ya tulivyokukasirikia. Nenda Kwihara ukalime karanga zako, maisha yawe mema na marefu, na mwavuli uwe wa jua na mvua tu. Nimesikia umeshauliza treni ya Kigoma inaingia saa ngapi. Lala, Mama. Valentino ameandaa kipimo chake, na stesheni nitakwenda naye mimi.