Mishono Nje: Kumkumbuka Nusrat, Mfuma Masweta wa Mbalizi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama kuna jiko la mkaa hapo ulipo, likaribie, maana baridi ya mwaka huu haina utani na mtu.

Jioni hii tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Nusrat Isihaka. Nalirudia kwa anayefungua redio sasa hivi: Nusrat Isihaka, mfuma masweta wa Mbalizi. Alifariki tarehe tatu Juni mwaka huu kwa maradhi ya figo. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Ameacha mume, Habibu, mwenye duka la mabati na misumari. Ameacha mama mkwe, Bibie. Na ameacha mtoto mmoja, Hamza, mwenye miaka sita.

Hamza hasemi. Naomba mlishike hilo. Ana miaka sita na hasemi, na habari yote ya jioni hii inamhusu yeye.

Nilimfahamu Nusrat kwenye darasa la jioni. Tulikuwa watu wazima tunaorudia kidato cha nne, mimi na yeye dawati moja. Mwalimu akiandika ubaoni, Nusrat anafuma chini ya meza. Siku moja mwalimu akamwita, "Wewe mama wa uzi, nimesema nini?" Nusrat akasimama, akarudia somo zima, neno kwa neno, mikono bado inafuma. Darasa likacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Akaniambia, "Mama Amos, masikio yangu hayana kazi nyingine. Nyumbani naishi na mtu asiyeniambia kitu."

Nilidhani anamsema mume wake. Alikuwa anamsema Hamza.

Wasikilizaji wapendwa, Hamza alizaliwa salama. Kila mwezi mama yake alimpeleka kliniki. Mtoto anapimwa uzito, nesi anatia alama kwenye kadi. Kina mama mnaijua ile kadi. Alama ya Hamza haikutoka kwenye rangi ya kijani hata mwezi mmoja. "Mtoto mzuri, mama, rudi mwezi ujao." Akawa wa kijani akiwa na mwaka mmoja. Akawa wa kijani akiwa na miaka miwili. Na wakati wote huo ukimwita haitiki. Ukimwonyesha ndege, anatazama kidole chako. Anaweza kuzungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima.

Nusrat akauliza. Akajibiwa, watoto wa kiume huchelewa kusema. Akamuuliza Bibie, mama mkwe wake. Bibie akasema, "Hata Habibu alichelewa, na sasa nani anaweza kumnyamazisha?" Hamza akasomewa dua, akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya dua, akalambishwa asali. Shangazi mmoja akashauri akatwe kimio. Hapo Nusrat alikataa, akambeba mtoto wake akaondoka.

Sasa sikilizeni habari ya sweta.

Hamza alipofika miaka mitatu, mama yake alimfumia sweta. Fikiria, mfumaji anamfumia mwanawe wa pekee. Uzi mzito wa bluu, shingo imepanda, mishono imekazwa vizuri ndani isionekane. Akamvisha. Hamza akapiga kelele, akalivua, akalitupa. Akamvisha tena. Akalivua tena. Ilikuwa Julai, na Julai ya Mbalizi mnaijua. Majirani wakaanza: "Ana mashine ya kufumia ndani, mtoto wake anatembea kifua wazi!"

Nusrat akaona haya. Na hapo akafanya kosa ambalo mfumaji tu angeweza kulifanya. Akalifumua sweta mgongoni, akaweka vifungo. Vifungo vitano, huko nyuma, mikono ya mtoto isikofika. Akamfunga. Hamza alilia msimu mzima wa baridi. Alijibamiza ukutani. Nyumbani wakasema, mkaidi. Habibu akasema, "Huyu hana ugonjwa, amedekezwa."

Akiwa na miaka minne, shule ya awali ilimrudisha baada ya siku mbili. Nusrat akaanza kutafuta wataalamu. Hospitali ya kwanza Mbeya, mtaalamu aliyempokea alihamishwa kabla ya miadi ya pili. Ya pili, akaambiwa asubiri miezi mitano. Kisha mteja wake mmoja, aliyekuja kuchukua masweta ya shule, akamtajia kituo kidogo nje ya mji wa Iringa, njia ya kwenda Tosamaganga. Kuna dada anaitwa Marta. Anawaona watoto wa namna hiyo.

Kutoka Mbalizi mpaka Iringa, kwa basi ni siku nzima. Nusrat alikwenda.

Marta nimezungumza naye kwa simu. Anakumbuka siku ile. "Nilimsalimia kamwene, kwa Kihehe, hakuitika. Alikuwa amechoka sana. Nikamvua mtoto nguo nimwangalie. Mbavuni kulikuwa na mistari ya michubuko, kushoto na kulia, imenyooka. Nikamwambia, mama, hii mistari inafuata mshono."

Marta akamweleza kwamba Hamza ana usonji. Akamweleza taratibu kwamba ubongo wa mtoto huyu unapokea sauti, mwanga na mguso kwa namna yake. Mshono ambao mimi na wewe hatuuhisi, kwake ni msumeno.

Nusrat akalichukua lile sweta, akakata vifungo vyote vitano kwa meno. Mwaka jana alinisimulia mwenyewe, tumekaa pale pale dawatini: "Mama Amos, nilimfungia mwanangu maumivu, nikamwekea vifungo asitoke. Na yeye alikuwa ananiambia kila siku. Kulia kule, ndiko kusema kwake."

Kisha akaligeuza sweta, ndani nje. Akamvisha Hamza upande laini ukigusa ngozi, mishono yote nje, nyuzi zinaning'inia. Hamza akatulia. Akashika mkono wa mama yake, akauweka juu ya kichwa chake.

Tangu siku hiyo Hamza alivaa mishono nje. Na Nusrat akimvisha alikuwa na maneno yake, kila asubuhi yale yale: "Mishono nje, mtoto ndani."

Watu walisema, jamani. Kwetu mtu akivaa nguo kinyume ni mlevi, au ni mwehu, au kuna mkono wa mtu. Bibie alimfungia ndani wageni wakija. Lakini Nusrat alikuwa na jibu. Dada Lea, muuza mchele wa Igawa, alilisikia mara ya kwanza walipokutana.

Walikutanaje Igawa, kituo cha njiani kwenda Iringa? Hamza hakuweza kukaa ndani ya basi njia yote. Safari ya pili, wakifika Igawa alikuwa amelia mpaka abiria wanapiga viti. Kondakta akasema, "Mama, shuka, utapanda jingine." Akashushwa barabarani na mtoto na begi. Lea alikuwa na mabeseni yake ya mchele. Akamtazama Hamza, akamtania Nusrat: "Wifi, kwenu huko mnavaa kinyume siku hizi? Au mliamka gizani?"

Nusrat akajibu huku machozi yanamtoka, "Upande mzuri nimempa mwenye mwili. Ninyi watazamaji mtavumilia mishono."

Lea akacheka. Walipokuwa wanacheka, Hamza alichovya mikono kwenye beseni la mchele. Akauchota, akaumwaga. Akauchota, akaumwaga. Kimya. Nusu saa kimya. Kuanzia hapo Nusrat aliigawa safari. Kila mwezi walishuka Igawa, Hamza akacheza na mchele, kisha wakapanda basi jingine mpaka Iringa. Lea alimtengea beseni lake. "Wateja walikuwa wanauliza, hilo bei gani? Nawaambia hilo haliuzwi, lina mwenyewe."

Miaka miwili, kila mwezi. Hamza akajifunza kunawa. Akajifunza kuonyesha picha ya kikombe akitaka chai. Akaacha kujibamiza. Kusema, hapana. Ila Nusrat alisema yeye hajali tena neno litoke mdomoni au kwenye picha.

Wasikilizaji wapendwa, miguu ya Nusrat ilianza kuvimba mwaka jana. Nilimwambia aende akapime. Akasema, "Ni kukaa kwenye basi." Uso ukavimba. Akasema, "Ni usingizi." Aliyejua mistari ya mbavu za mwanawe hakuitazama miguu yake. Mwezi wa tano hakuweza kusafiri, Hamza akakosa miadi. Pale kituoni watoto wanaosubiri ni wengi, na utaratibu wao ni mmoja: ukikosa mara mbili mfululizo, nafasi anapewa mwingine. Miadi iliyofuata ilikuwa tarehe kumi na mbili Juni.

Tarehe tatu Juni, Nusrat akafariki. Tarehe nne akazikwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilikuwepo matangani. Siku ya tatu, ndugu mmoja wa kike aliyetoka safari alimwona Hamza kibarazani. Akasikitika kwa nia njema kabisa: "Masikini, mama kaondoka juzi tu, mtoto ameshavalishwa kinyume." Akamvua sweta. Akaligeuza. Akamvisha vizuri, mishono ndani, akamfuta na kamasi.

Kelele iliyotoka pale sijawahi kuisikia. Hamza alijitupa chini, akapiga kichwa sakafuni. Wanaume wakaja. Mmoja akasema asomewe. Habibu akasimama mlangoni na kanzu yake, mikono imeinuka, haijui pa kwenda. Mimi mwenyewe, niliyekaa na Nusrat dawati moja, niliganda.

Aliyepita katikati yetu alikuwa Bibie. Bibie yule yule aliyemfungia mtoto ndani. Akapiga magoti kwa shida, akamvua, akageuza. "Mishono nje," akasema. "Mishono nje, mtoto ndani." Kumbe miaka yote alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango.

Kisha akamtazama mwanawe. "Habibu, tarehe kumi na mbili utampeleka wewe."

Wazee wakashtuka. Mke hajafikisha hata siku kumi kaburini, watu wanakuja kutoa pole, mwenye msiba asafiri? Wakasema asubiri hitima ya arobaini. Habibu akasema, "Mama, njia yenyewe siijui. Sijawahi kwenda hata mara moja."

Bibie akamjibu, "Arobaini itatusubiri. Nafasi ya mtoto haisubiri."

Wasikilizaji wapendwa, Lea wa Igawa hakuwa na habari za msiba. Alijua tarehe tu. Asubuhi ya tarehe kumi na moja, siku yao ya kupita, aliweka beseni mahali pake. Amenieleza, nami nawasomea maneno yake kama alivyoyasema:

"Basi likasimama. Nikaliona sweta langu linashuka. Nasema langu kwa sababu nalijua, nyuzi zinaning'inia. Limeshikwa mkono na mwanaume. Nikamwangalia yule mwanaume, nikaangalia mlangoni nyuma yake. Nikasubiri mtu mwingine ashuke. Mlango ukafungwa, basi likaondoka. Yeye akaniuliza, samahani dada, ni hapa mtoto anapopumzika? Hamza ndiye aliyemvuta baba yake mpaka kwenye beseni."

Habibu alikaa kwenye gunia, akamtazama mwanawe anachota mchele na kuumwaga. Mwishowe naye akatia mkono ndani ya mchele.

Walifika Iringa jioni, na kesho yake wakaenda kituoni. Nafasi ya Hamza haikupotea. Marta alimuuliza baba maswali: mtoto anakula nini, analala saa ngapi, anaogopa sauti ipi? Karibu yote Habibu alijibu, sijui. Marta akaandika, sijui. Akamwambia mwezi ujao aje anajua mawili. Wakati wa kuondoka, baridi ikiwa imeingia, Habibu akachukua sweta, akaligeuza, akamvisha mwanawe.

Akasema, "Sijui kufuma, dada. Lakini upande wa kuvaa naujua."

Kwenye mashine ya Nusrat kuna sweta la kijani, kubwa kidogo kuliko Hamza, la mwakani. Halina mkono mmoja. Bibie hataki lifunikwe.

Kwako Habibu, kwako Bibie, na kwa ukoo wote wa Isihaka, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni. Mwenyezi Mungu amrehemu Nusrat, na awape nguvu za barabara ile ndefu.

Nawe mama unayenisikiliza, kesho ukienda kliniki na alama ikaangukia kwenye kijani, usiondoke. Sema: namwita haitiki. Sema: hasemi. Sema hata foleni ikiguna. Mguu wako ukivimba, uonyeshe pia. Na ninyi wenye uamuzi wa kumweka mtaalamu hapa au kule, ipimeni barabara ya Mbalizi mpaka Iringa kwa kilio cha mtoto, mtaona urefu wake.

Sisi tuliobaki tuna kazi ndogo. Ukikutana na mtoto mmoja barabarani, Mbalizi, Igawa au Iringa, kavaa sweta mishono nje, usimgeuze. Msalimie. Amevaa sawasawa.