Mzee Joram, Kadzo na Kiti Kilichopanda Mlima

Miaka thelathini na sita kazini si mchezo. Mzee Joram Mutiso, dereva wa garimoshi letu dogo hapa Makumbusho ya Reli ya Mkonge, Kilifi, alianza kazi akiwa na nywele, na anastaafu rasmi tarehe 28 Februari akiwa na kofia. Ofisi ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, wenye vyeti walianza kukohoa. Nikaandika mimi, ambaye shule na mimi tuliachana mapema, bila ugomvi.

Mzee Joram alitoka Makueni kuja kukata mkonge. Siku ya kwanza aliliona garimoshi likivuta mkonge kutoka shambani, akaweka panga chini, na hakuliokota tena. Alianza kwa kufuta vumbi, akapanda hadi kuchochea moto, kisha akakalia kiti cha dereva. Mkonge ulipokosa soko na reli ikalala, mwenye shamba, marehemu Bwana Ishwarlal, alitaka kuuza vyuma vyote. Mzee Joram akawapakia wajukuu wa tajiri, akawazungusha shamba zima huku akiwapigia honi, mpaka watoto wakagoma kushuka. Makumbusho yalizaliwa siku hiyo. Garimoshi akalipa jina la Kadzo, jina tamu la Kigiriama. Mkewe, Mama Fridah, hadi leo anamwita mke mwenza.

Ana haki. Kila likizo, wenzake wakienda kwao, Mzee alikwenda Nairobi kuamkia injini za zamani kwenye makumbusho ya reli. Mlinzi mmoja alimkuta amelala chali chini ya magurudumu. "Mzee, umepoteza nini huko?" "Sijapoteza, mwanangu. Namtafutia Kadzo ndugu zake." Mwaka juzi tulimpandisha treni mpya ya kisasa, akarudi amenuna. Shati lake lilikuwa bado jeupe! "Ile si treni," alisema, "ile ni sebule inayokimbia."

Ni yeye pia aliyetuanzishia desturi ya vifuu. Kuni zilipoadimika, alitangaza kwamba kila mgeni aje na kifuu cha nazi kutoka jikoni kwake, na atakayeleta atavuta kamba ya honi. Tangu hapo watoto kutoka Vitengeni hadi Ngomeni huwasimamia mama zao wakingoja nazi iishe kukunwa. Kifuu kikavu kikishika, tanuri linanguruma, na mchochea moto hodari kuliko wote pwani hii (sitaki kumtaja, ila ni mrefu na ana sura nzuri) hahitaji kitu kingine.

Sasa tuje kwenye Jumamosi iliyopita, safari ya kumuaga. Bi. Lata, binti ya marehemu Bwana Ishwarlal na meneja wetu, alikuwa ameshakata shauri: Kadzo akishindwa kupanda mlima wetu bila mkono wa Mzee Joram, atazimwa siku hiyo hiyo, apakwe rangi, awekwe bandani atazamwe, na mabehewa yavutwe na trekta. Mzee alipoambiwa, alimfuta Kadzo vumbi kwanza. Kisha akasema, "Mimi nistaafu, sawa. Yeye ana kosa gani?"

Dereva nikawa mimi, na moto nikauchochea mwenyewe. Mzee akavalishwa suti, akaketishwa benchi la kwanza, mikono mapajani, kama bwana harusi anayelindwa asitoroke. Behewa la nyuma tulifunga zawadi yake: kiti cha kupumzikia, mvule mkavu, kazi ya fundi wetu Mramba, na mto mwekundu juu yake.

Vifuu vya safari viliahidiwa na Charity, msimamizi wa baa katika hoteli moja ya Kikambala, mtu wa bara mwenye roho nzuri ajabu, naye alipanda safari pamoja nasi. Magunia yake yalikuja yameshonwa midomo, mazito, nasi tukafurahia uzito. Akiba yetu ya zamani ikatufikisha katikati ya mlima. Hapo nikafungua gunia la kwanza. Madafu! Madafu yaliyokwisha kunywewa na watalii, mabichi, yanadondoka maji, mengine yana mirija bado. La pili, yale yale.

"Charity, hivi ni nini?"

"Si nazi hizo? Kwani ulitaka za rangi gani?"

Nililitupa moja ndani, moto ukafyonya. Mshale wa kipimo cha mvuke ukaanza kushuka. Kadzo akashusha pumzi, akasimama. Bi. Lata akateremka, akamtazama kwa huruma, akaniambia taratibu, "Jefwa, ukimpigia mtu wa trekta, mwambie aje na mnyororo mrefu."

Hapo ndipo tuliposikia shoka letu la kuni. Mzee Joram, koti kalitupa huko, alikuwa nyuma anapasua kiti chake.

"Mzee!" Mramba akapiga ukelele. "Hata hujakikalia!"

"Nitakikaliaje, na gari limesimama?"

Akaniletea mguu wa kwanza. Mlangoni mwa kibanda cha dereva akasimama, hakuingiza hata kidole. "Sigusi kitu. Bi. Lata ananiona. Haya pokea, we mwenye maneno mengi, tuione na kazi."

Ikaingia miguu, ikafuata mikono, likamalizia egemeo. Mshale ukapanda. Nikafungua mvuke polepole kama alivyonifunza, gurudumu lisije likateleza, na Kadzo akakohoa, akavuta. Tulipofika kileleni abiria walikuwa wanaimba, Charity analia na kucheka, na Bi. Lata, ambaye hajawahi kuleta kifuu maishani mwake, aling'ang'ania kamba ya honi mpaka nikamwomba anibakishie mvuke wa kurudia. "Trekta libaki shambani likalime," akasema.

Mzee Joram, asante. Asante kwa miaka yote hiyo, kwa masizi, na kwa makofi ya kisogoni yaliyonifanya niwe bingwa niliye. Ofisi inataka kukuagizia kiti kingine. Mimi nimewaambia waache, utakichoma tu. Kilichobaki ni ule mto mwekundu, nao tumeushonea kwenye benchi la kwanza, karibu na kibanda. Ni wako kila Jumamosi. Mlete na Mama Fridah aje amjulie hali mke mwenza. Tunakuombea siku njema, mifupa ya chuma na usingizi mnono wa mchana.

Ila sheria ni yako mwenyewe: ukitaka kupiga honi, njoo na kifuu.

Jefwa Thoya,
dereva wa Kadzo