Teofil Bejenaru na Bakuli la Ngano la Kaka Yake

Ndugu, jamaa na majirani wa Dealu Frasinului, nanyi mliotoka Botoșani na vijiji vya mto Siret, mama yetu Eufrosina ameniomba mimi, Lidia, binti wa kwanza wa marehemu, niwasomee hapa nyumba ya sala maisha ya baba kabla hatujampeleka makaburini, nami nitayasoma kama alivyotaka yasomwe, bila kuyapamba.

Teofil Bejenaru alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji hiki, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Vasile na Ileana Bejenaru, wakulima, mwaka ambao mvua haikunyesha na njaa iliingia nyumba kwa nyumba, hata bibi yetu akakaukiwa maziwa, na kaka yake Gavril, aliyekuwa na umri wa miaka sita, akawa anambeba mtoto mgongoni mlango hadi mlango akiomba unga wa mahindi wa kumpikia uji, jambo ambalo baba alilisimulia mara nyingi na ambalo baba mkubwa Gavril kila mara alilikana, akisema, "Nilikuwa naomba wangu, yeye alikuwa mzigo tu."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, kisha akajifunza useremala mjini Botoșani hadi 1963, na mwaka uliofuata akaajiriwa na shirika la kilimo la kijiji kutengeneza milango, madirisha na mikokoteni, kazi aliyoifanya hadi shirika lilipovunjwa, na baada ya hapo akaendelea katika karakana yake nyuma ya nyumba hadi mikono ilipokataa.

Mwaka 1966 aliitwa jeshini, na huko akalala kitanda cha ghorofa pamoja na askari Mbatisti aliyesali bila kujificha, na aliporudi nyumbani hakuwa yule yule, akabatizwa alfajiri katika mto Siret tarehe 3 Agosti 1969, na babu Vasile, aliyeona ni aibu mwanawe kuhesabiwa miongoni mwa Watubu, kama sisi Wabatisti tunavyoitwa hapa, akamtupia viatu vyake nje ya uzio, naye Gavril akaviokota, akamfuata navyo barabarani, akamwambia, "Shika viatu vyako, Mtubu, hata mbinguni hawakupokei peku."

Tarehe 16 Mei 1971 alimuoa Eufrosina Ciubotaru, mfumaji, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya sala kwa sababu ukumbi ulikuwa umefungwa na wakubwa wa wilaya, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa mwaka 1972 na mdogo wangu Natanael aliyezaliwa 1975, ambaye anafanya kazi za ujenzi ughaibuni, Torino, na amefika jana akiwa na mkewe na watoto watatu.

Wengi wenu mnamkumbuka baba kwa jambo moja, nalo ni kutembea, kwa kuwa kila Jumapili baada ya ibada alikula ugali na jibini akiwa amesimama, akachukua mkoba na kwenda vijiji visivyokuwa na nyumba ya sala kuwatafuta waliopotea, zamani kwa kificho, serikali ilipokataza mahubiri, na baadaye hadharani, msimu wa matope na msimu wa theluji, na katika vijiji hivyo watu walipomwona mlimani walipiga kelele, "Ficheni chupa, Teofil huyo!", naye akifika alikuwa akiwajibu, "Nimeshaiona, iko nyuma ya jiko, mimina basi, mimi nitakunywa maji," kisha akaketi, na walimpenda, walimkaribisha, walimsikiliza, na wachache sana walimfuata.

Hatutasema uongo mbele ya jeneza, mavuno hayakuwa makubwa, kuna vijiji alivyovizuru miaka ishirini bila mtu hata mmoja kubatizwa, na jioni za Jumapili tulimsikia akivua viatu mlangoni, na mama alipomuuliza kama hachoki alijibu, "Nimechoka tangu mwaka jana, lakini hakuna aliyeniambia nirudi."

Tarehe 9 Novemba 1991 alifariki Safta, mke wa baba mkubwa Gavril, aliyetulea sisi watoto mama alipokuwa kiwandani, na baada ya mazishi, mezani, mbele ya padri na kijiji kizima, baba mkubwa alimletea baba bakuli la koliva, ile ngano ya kuchemsha yenye sukari na njugu ambayo jirani zetu Waorthodoksi huibariki na kuila kwa kumkumbuka aliyekufa, akamwambia, "Kula, mdogo wangu, hii ni ya Safta," na baba, kwa kuwa sisi tunafundishwa kwamba marehemu hanufaiki na chakula cha walio hai, akalisukuma bakuli kwa vidole viwili, akasema yeye atamwombea Gavril badala yake.

Baba mkubwa alilitazama lile bakuli, akasema, "Sikukuomba uniombee, nimekuomba ule. Mlango unaujua," na kuanzia siku hiyo hakumfungulia tena, ingawa nyumba zetu zinatenganishwa na uzio mmoja, na baba Jumapili iliyofuata alilisimulia jambo hilo hapa hapa mbele kama ushuhuda wa msimamo, na watu waliitikia amina.

Haikumchukua miaka mingi kujua kwamba alikosea, lakini kujua hakukumfikisha ng'ambo ya uzio, alijaribu kwa salamu, haikuitikiwa, alijaribu kwa kututuma sisi wanawe, tulipewa tufaha na kurudishwa, na mwaka 2003 lango la baba mkubwa lilipooza alimchongea jipya la mti wa mwaloni, ambalo baba mkubwa alilirudisha kwa mkokoteni, akaliegemeza kwenye karakana yetu na kusema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, "Mwambieni seremala kwamba kwangu haingii mtu, lango la nini?"

Mama ndiye aliyemwambia ukweli bila kuuzungusha, Jumapili moja baba akiwa anafunga kamba za viatu, alimwambia, "Baba Lidia, unavuka vijiji saba kutafuta kondoo, na mmoja anakohoa hapo nyuma ya uzio, wewe unamsikia na mimi namsikia," na baba akamaliza kufunga kamba, akaenda kwenye hivyo vijiji saba.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na kisukari na moyo, miguu ikavimba, safari za Jumapili zikakoma, na mnamo Novemba 2022, siku ya kumbukumbu ya Safta, aliniomba nimshike mkono, tukapita barabarani na kuingia kwa baba mkubwa, ambako watu walikuwa wamekaa mezani, na baba mkubwa bila kuinuka akauliza, "Umekuja kunihubiria?", baba akasema, "Nimekuja kula, kaka," na baba mkubwa akamwambia, "Ngano imekusubiri miaka thelathini na moja, meno ya kuitafuna unayo?", kisha akamsogezea bakuli lake mwenyewe pamoja na kijiko chake.

Baba alikula, akaomba tena, wakazungumza habari za nyonga ya baba mkubwa na bei ya kuni, hapakusemwa neno la msamaha wala la dini, na njiani kurudi nilipomuuliza anajisikiaje alisema, "Sukari ilikuwa nyingi, usimwambie daktari."

Najua baadhi yenu wazee wa kanisa mlisikitika mliposikia, mkamwita mumuulize, na aliwajibu kwamba imani yake kuhusu wafu haijabadilika, ila aliyempa bakuli alikuwa hai.

Alilazwa hospitali ya Botoșani tarehe 11 Januari mwaka huu wa 2024, na baba mkubwa alikwenda kumwona kwa basi, na hapo baba akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza maishani, kama angekubali kuja nyumba ya sala hata mara moja, naye akamjibu, "Nitakuja siku ukibebwa wewe, maana ukiwa umesimama huachi kuongea," wakacheka mpaka muuguzi akawakemea, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 5 Februari baba akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, na mchana wa siku hiyo hiyo baba mkubwa alikuja na farasi, akalichukua lile lango karakanani bila kuuliza mtu, akaenda kulipachika kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Daktari Zaharia aliyefika nyumbani katika theluji, majirani mliokata kuni na kuchimba kaburi katika ardhi iliyoganda, mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili, wahubiri wenzake wa Jumapili waliorithi mkoba wake, na padri wa kijiji aliyeruhusu kengele igongwe kwa ajili ya mtu asiyekuwa wa kwake.

Limebaki jambo moja, ambalo baba aliniagiza nilisome la mwisho, nalo ni kwamba kaka yake akitimiza ahadi asiachwe mlangoni, na yupo, tangu tulipoanza amesimama pale kizingitini, kofia kwapani, ameshika bakuli lenye kitambaa juu, na amewaambia vijana wanaopokea wageni kwamba yeye ataingia ila bakuli litabaki nje ili asituudhi.

Baba mkubwa Gavril, mama amekuwekea nafasi benchi la mbele, karibu na jiko, ingia, na bakuli ingia nalo, asiyetaka kula ataliacha limpite, lakini leo katika nyumba hii hakuna atakayelisukuma.

Baba, umetembea vya kutosha, vua viatu, upumzike.