Refa Aliyekuwa Mtu wa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Ovadia Tzarfati wa Netanya. Alikuwa refa wa soka kwenye Makabia, michezo inayotukusanya sisi Wayahudi kutoka kila pembe ya dunia. Refa Ovadia! Mkali kama pilipili, na kwenye penalti hakumwonea mtu haya.

Nyumbani alikuwa mpole. Yeye na mkewe Mazal hawakujaliwa mtoto, na jambo hilo lilimkaa rohoni. "Kila mara aliniuliza, 'Mazal, nikifa nani atanisomea Kadishi?'" anasema mama huyo. Maana Kadishi, sala ya kumkumbuka mzazi, husomwa na mwana, tena katika kundi la wanaume kumi, naye akiwemo. Tisa hawatoshi.

Sasa sikilizeni. Mashindano ya maveterani, Uruguay na wenyeji. Ni mapumziko, jua linazama. Kipa wa Uruguay, Gerardo Szklar, amefiwa na baba yake majuzi, na anataka kusoma Kadishi kabla ya giza. Lakini wenzake wawili wameumia, wamepelekwa hospitali. Wamebaki tisa. Tisa hawatoshi. Gerardo akawaendea wenyeji.

"Ndugu zangu, nipeni mtu mmoja tu."

"Acha ujanja, kipa! Sema mmechoka, mnatafuta pumzi!"

Ovadia akatia filimbi mfukoni, akavaa kofia ya sala, akasimama katikati ya wale tisa. "Mimi ni wa kumi. Anza, mwanangu."

"Refa, umehamia timu yao?"

"Kwa dakika tano. Na wewe njoo uitikie amina."

Wakaona haya, wakaja wote.

Kipindi cha pili, punde tu, Ovadia akawapa wenyeji penalti. Gerardo aling'aka: "Refa! Si tumesali pamoja sasa hivi?"

"Mungu amekusikia. Mimi nimeona mguu wako."

Uruguay wakafungwa. Baadaye Gerardo alihamia huku kwetu, Haifa, na kila sikukuu alimpigia simu Ovadia kumlaumu kwa penalti ile.

Jumapili tulimzika Ovadia. Mazal alisimama kaburini, roho mkononi. Nani atasoma? Gerardo akajitokeza, akaisoma Kadishi mpaka mwisho.

"Nitaisoma kila siku, miezi kumi na moja, kama mwana kwa baba yake," alimwambia Mazal. "Ila mama, ile haikuwa penalti."

Mazal alicheka huku analia.

Mama Mazal, na ukoo wote wa Tzarfati, Mungu awafariji pamoja na wote wanaoomboleza Sayuni. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tutazame pembeni yetu leo. Kuna mtu ana tisa, anamtafuta wa kumi.