Shahada ya Palizi: Maisha ya Fabiola Hhando wa Nangwa

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2008, saa kumi na moja alfajiri, Fabiola alipomwomba mume wake Tito amgeuze aelekee dirishani, na Tito alipomaliza kumgeuza akakuta moyo wake umeshasimama, na tangu saa hiyo nyumba hii si ile tuliyoijua.

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani, marehemu alizaliwa tarehe 8 Septemba 1978, wilayani Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hhando Sulle na Mama Marieta, akabatizwa mwaka huohuo, akaletwa Nangwa angali anabebwa mgongoni, baba yake alipopata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1986 hadi 1992, na sekondari mwaka 1993 hadi 1996, lakini wakati huo mashamba yale yalikuwa yanapunguza watu, mzee akarudishwa nyumbani, na masomo ya Fabiola yakaishia kidato cha nne. Hakunung'unika, akafundisha watoto wa chekechea ya parokia, na wengi wenu mliobeba jeneza leo alfabeti mliipata kwake.

Tarehe 12 Oktoba 2002, mwaka ule tulipolala watu wa Mkoa wa Arusha tukaamka watu wa Mkoa mpya wa Manyara, alifunga ndoa takatifu na Tito Margwe. Machi 2003 walijaliwa mtoto wa kiume, ambaye hakuiona jioni ya siku aliyozaliwa, na nyumba iliyofiwa namna hiyo kwetu huingia metimani, watu wake hawaendi kwa watu, na watu hawaingii kwao. Fabiola akakaa ndani na msiba wake, akisikia ndoo za wenzake zikigongana njiani kwenda kisimani. Jirani mmoja tu, Mama Sara, alisimama nje ya uzio kila asubuhi na kuita, "Umeamkaje, mwanangu? Kama huna nguvu usinijibu, kohoa tu." Naye Fabiola alikohoa.

Miezi ile ndiyo iliyompeleka shule tena, kwa kuwa alitoka mle ndani akisema kwamba lazima kuna mahali watu wanafundishwa namna ya kumfikia mtu aliyefungiwa na huzuni, bila kuwavunjia wazee heshima. Tarehe 20 Mei 2004 alimzaa binti yake Imakulata, Februari 2005 akafanya mtihani wa kidato cha sita kwa kujisomea nyumbani, na Oktoba mwaka huo akamwacha mtoto kwa bibi yake, akaenda Dar es Salaam kusomea shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii.

Hapo Mzee Hhando, ambaye maisha yake yote hajaona kinachostawi isipokuwa shambani, alitangaza mpaka Balangdalalu kwamba binti yake anasomea ustawi, na kila Fabiola aliporudi likizo alikuta watu uani wameshika majani ya maharage yaliyojikunja. Februari 2007 alikuja jirani yetu Joakimu na mabua mawili ya mahindi yaliyogeuka njano, Fabiola akamwamkia, naye akajibu, "Marahaba, bibi shamba. Hebu ongea na haya mahindi, mimi yamekataa kunisikia." Fabiola hakumsahihisha, alimpa kiti, akamuuliza shamba limepaliliwa lini, na Joakimu akasema halijapaliliwa, mke wake amepoteza mimba, wako metimani, na yeye mwenyewe hakupaswa hata kusimama pale. Fabiola akaenda kwa wazee, akapiga magoti, akauliza kama mwiko unataja jembe. Wazee wakajadiliana mpaka jua likageuka, wakasema mwiko unataja nyumba, moto na chombo cha maji, jembe haujalitaja. Asubuhi yake wanawake wakaingia shambani kwa Joakimu, wakapalilia wakimwita mke wake kwa sauti, na siku ya pili naye alikohoa. Mahindi yalipobeba, Mzee Hhando alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Si niliwaambia anasomea ustawi?"

Desemba 2007 alianza kuishiwa pumzi, madaktari wakasema ni moyo, wakamshauri aahirishe masomo, lakini aliomba aachwe amalize, maana aliogopa kufa akiwa mwanafunzi kuliko kufa kwenyewe. Alifanya utafiti wake Dirma na Balangdalalu juu ya nyumba zilizo metimani, akipumzika kila penye jiwe, akauwasilisha Julai 2008, na Septemba, akiwa hawezi tena kulala chali, akaletewa habari kwamba amefaulu. Jumapili ya mwisho baba yake alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, hebu niambie kabla sijaaibika huko kwenye mahafali, hii shahada ni ya mimea au ya watu?" Akacheka mpaka tukaogopa, akasema, "Baba, ni ya palizi."

Mahafali ni Desemba. Mzee ataenda na koti lake, jina litaitwa, ataitika yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wake na wanafunzi wenzake waliosafiri kutoka mbali, Baba Paroko aliyempa Mpako wa Wagonjwa, na ninyi majirani mliochimba kaburi na kuteka maji. Tunawaomba jambo moja tu, tukishatawanyika leo, msiwapite Tito na Imakulata, na asiyeweza kuingia asimame hata uzioni aite, asubiri wakohoe.

Ee Mungu Baba, huyu ni Fabiola, aliyewafikia waliofungiwa, usimwache nje ya uzio wako, mwite kwa jina, na kama safari imemchosha hata hawezi kukujibu, ipokee pumzi yake ile ndogo, umlaze kwa amani katika mwanga wako usiozimika. Amina.