Bi Zamzam wa Kituo cha Wageni, Kariakoo

Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka imefika. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, mwombe mteja akuvumilie. Leo tunamkumbuka Bi Zamzam Kitwana. Bi Zamzam Kitwana wa Kariakoo, aliyekuwa mhudumu wa Kituo cha Taarifa kwa Wageni, Mtaa wa Mkunguni. Amefariki dunia Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake Buguruni, akiwa na miaka sitini na tisa. Kituo chenyewe kilifungwa mwaka 2019. Kituo kilitangulia, yeye amefuata. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi wenu mnamjua bila kujua jina lake. Kama uliwahi kushuka Kariakoo na begi mkononi, ukasimama katikati ya watu huku unasukumwa kama mkokoteni, halafu akatokea mama mfupi, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, akakuuliza, "Mwanangu, umepotea au unapumzika?" Basi huyo ndiye.

Alizaliwa Mtaa wa Narung'ombe. Baba yake, mzee Kitwana, alikuwa mkaanga samaki soko la Feri. Kila mchana Zamzam mdogo alitumwa kumpelekea baba yake chakula, kwa miguu, kutoka Narung'ombe mpaka Feri. Na kwa kuwa alichoka kuona nyumba zilezile, kila siku alipita mtaa mwingine. Binti yake, Husna, ametuambia hivi: "Babu alikula wali wa baridi miaka sita mfululizo. Lakini mama akaujua mji wote."

Mwaka 1998 taasisi moja ya utalii ilifungua kituo pale Mkunguni, ikamwajiri Bi Zamzam. Kilikuwa chumba kimoja. Meza moja, viti viwili, picha kubwa ya tembo ukutani, na rafu ya vipeperushi vya mbuga na milima. Aliambiwa awapokee watalii, na kila anayeingia amwandike kwenye daftari: jina lake, nchi anayotoka, na shida yake.

Wiki ya kwanza hakuja mtalii. Wiki ya pili hakuja mtalii. Wiki ya tatu akaingia mzee mmoja, kabeba cherehani kichwani, jasho linamtiririka. Alikuwa akitafuta mkanda wa cherehani, na kila aliyemuuliza alikuwa amemzungusha. Bi Zamzam akamkalisha, akampa maji, akampeleka mwenyewe mpaka dukani. Aliporudi akafungua daftari na kuandika ukurasa wa kwanza kabisa. Nchi: Songea. Shida: mkanda wa cherehani.

Husna alimuuliza mama yake mara nyingi kama hakuona kwamba Songea si nchi. Bi Zamzam alimjibu kwamba mgeni ni mtu yeyote asiyejua choo kiko wapi, na hayo mengine ni makaratasi.

Basi habari zikaenea. Wafanyabiashara wa Masasi, wanafunzi wa Kigoma, akina mama wa Tandahimba, wote wakawa wanashukia pale. Kila mwisho wa mwezi Bi Zamzam alituma makao makuu idadi ya wageni. Idadi tu, wasikilizaji wapendwa, maana waliomba idadi tu. Na idadi ilikuwa kubwa kuliko ya kituo kingine chochote cha taasisi hiyo. Mwaka 2007 wakampa cheti. Mkubwa mmoja akamuuliza mbele ya watu anatumia mbinu gani kuwavuta watalii. Bi Zamzam akasema, "Huwa naacha mlango wazi." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na wenzake wakayaandika maneno hayo.

Mambo yalikwenda hivyo miaka ishirini. Kisha makao makuu wakamwajiri afisa mpya, kijana makini kutoka Same, jina lake Anaeli. Anaeli hakuridhika na idadi. Aliomba madaftari yenyewe. Akayasoma siku tatu, amejifungia ofisini. Ametueleza kwa simu baadhi ya aliyoyakuta. Nchi: Ukerewe. Shida: mjomba. Nchi: Tandahimba. Shida: vifungo vya kanzu. Nchi: Buguruni. Shida: mume. Na chini yake, kwa mwandiko mdogo: amepatikana, hakufurahi.

Ijumaa moja ya mwaka 2019, Anaeli akaja Mkunguni na tai yake shingoni. Alimwamkia Bi Zamzam vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akasema amekuja kukaa siku nzima aone kazi inavyofanyika. Bi Zamzam hakuwa mtoto. Alijua kijana amekuja kumpima. Husna anasema mama yake alikuwa ameota usiku ule tembo wa ukutani anaondoka.

Sasa sikilizeni. Saa tatu unusu akaingia mtalii. Mtalii wa kweli, Mjerumani, mrefu, kofia kichwani na mkoba mgongoni. Bi Zamzam akasimama, akaweka mtandio sawa. Anaeli akatoa kalamu. Mgeni akavua kofia, akasema kwa Kiswahili cha darasani, polepole, "Samahani. Msalani ni wapi?"

Kituo hakikuwa na choo. Bi Zamzam akampeleka nyumba ya pili kwa jirani, akamsubiri nje, akamrudisha barabarani. Mgeni akashukuru, akaenda zake. Akaandikwa. Nchi: Ujerumani. Shida: imekwisha. Anaeli akaitazama rafu ya vipeperushi. Hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Saa nne akaingia kijana analia. Jina lake Twaha, wa Lindi. Alikuwa bwana harusi, na ndoa ilikuwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Alikuwa ametangulia mjini, wajomba zake wanakuja nyuma kwa basi la Kosta. Asubuhi alipita Kariakoo kuchukua kanzu, na simu ikachomolewa mfukoni. Ndani ya simu ndiko zilikokuwa namba zote za wakwe na za wajomba. Na nyumbani kwa bibi harusi alikuwa amefika mara moja tu, siku ya kuposa. Tena alipelekwa kwa gari, na njia nzima alikuwa kainamisha kichwa kwa haya. Alichokiona vizuri siku ile ni viatu vyake.

Anaeli alishauri waende polisi. Bi Zamzam akamwomba anyamaze kidogo. Akavuta kiti.

"Uliposhuka garini ulikanyaga nini?"

"Tope, mama."

"Mvua ilikuwa imenyesha?"

"Hapana. Ilikuwa jua kali."

"Masikio yalisikia nini?"

Twaha akafikiri. Alisikia watu wengi wakishangilia mpira, lakini mwenyeji wake alimwambia siku hiyo hakuna mechi.

Tope la bila mvua, na kelele za mpira bila mechi. Bi Zamzam akasema hapo ni Jangwani, bondeni, karibu na klabu ya mpira, ambako watu hushangilia hata mazoezi. Lakini Jangwani ina nyumba nyingi. Akauliza walimkaribisha nini. Twaha akasema visheti.

"Visheti vya namna gani?"

Kijana aliona aibu kuwasema wakwe. Mwishowe akakiri kwamba vilikuwa vigumu. Alikiweka kimoja mfukoni na mpaka leo kiko vilevile.

Bi Zamzam akasimama, akachukua ufunguo. "Hivyo ni visheti vya Siti," akasema. "Twendeni."

Anaeli akamkumbusha kwamba ni saa za kazi, na mhudumu haruhusiwi kuacha kituo. Bi Zamzam akamjibu, "Mwanangu, ofisi ipo kila siku. Huyu ana leo tu." Akafunga mlango. Anaeli akawafuata ili aweze kuandika kwa uhakika kwamba kituo kiliachwa wazi bila mtu, ingawa kwa kweli kilikuwa kimefungwa.

Kule Jangwani mambo yalikuwa yameharibika. Siti, shangazi wa bibi harusi, alikuwa amepiga simu ya Twaha tangu asubuhi, haipatikani. Wazee wakahukumu kwamba kijana amekimbia. Aibu gani hii, na pilau iko jikoni? Wakakaa kikao kifupi, wakaona mtoto wa ndugu yao, Abdulmajid wa Magomeni, yupo, hajaoa, na kanzu itamkaa. Abdulmajid mwenyewe hakuulizwa. Bi Zamzam alipoingia uani alimkuta kasimama juu ya kigoda, kanyoosha mikono, anapimwa.

Bibi harusi, Amira, alikuwa amejifungia chumbani. Alikuwa ametangaza kupitia tundu la ufunguo kwamba kuliko Abdulmajid, afadhali aolewe na tangi la maji.

Bi Zamzam akagonga mlango. Akajitambulisha, akasema amemleta Twaha. Amira akauliza kwa ukali alikuwa amepita wapi muda wote huo. Kijana akaangalia viatu vyake. Bi Zamzam akamjibia: "Amepita kwangu, mwanangu. Ulimchagua mwenye haya, na mwenye haya haangalii njia. Fungua." Kisha komeo likasikika. Wa kwanza kushuka kigodani na kumkumbatia Twaha alikuwa Abdulmajid.

Likabaki jambo moja. Wajomba walipiga simu kwa Siti saa hiyo: Kosta yao imepasuka gurudumu njiani, Somanga. Bwana harusi hana watu. Wazee wakauliza nani amesimama upande wake. Bi Zamzam akamshika mkono Anaeli, Mlutheri wa Same, akasema huyu ni afisa kutoka makao makuu. Wazee wakaitazama tai. Wakampisha, wakamkalisha mbele kabisa, na yule mwana wa Same akasikiliza hotuba ya ndoa kuanzia mwanzo hadi mwisho, begi la kanzu kalipakata. Baadaye Siti akamletea visheti kwa mkono wake. Bi Zamzam alimwonya kwa macho. Hakuelewa. Anaeli ametuambia jino lile alilitengeneza mara mbili.

Ndoa ilifungwa, wasikilizaji wapendwa. Twaha na Amira wako Lindi hadi leo na watoto watatu.

Na kituo? Kituo kilifungwa. Mwezi mmoja baada ya harusi ile, Anaeli alileta barua mwenyewe.

Tulimuuliza ilikuwaje, baada ya yote yale. Akasema, "Niliandika ukweli. Kituo kilikuwa cha watalii, na watalii hawakuwepo. Lakini niliongeza kurasa mbili za Twaha na zile kazi nyingine. Wakubwa walizisoma wote. Walicheka mpaka wakatoa machozi. Halafu wakasaini kifungwe."

Bi Zamzam aliisoma barua akiwa amesimama. Hakubishana. Alisema jambo moja tu: "Na watu wa Songea nani atawaambia?" Anaeli akamsaidia kumteremsha tembo ukutani.

Hapo tusidanganyane, iliuma. Husna anasema siku kumi na moja mama yake hakutoka nje. "Anaamka, anavaa, anafunga uzi wa miwani. Halafu anakaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri kuitwa jina."

Siku ya kumi na mbili mlango wa Buguruni ukagongwa. Alikuwa Bushiri, kijana aliyepangishwa kile chumba cha kituo, anauza kava za simu. Alikuwa na wiki moja tu Dar es Salaam, naye mwenyewe mgeni. Akaamkia, akakaa chini kwenye jamvi, akaanza kulalamika. Watu wanaingia mfululizo kuuliza njia na hakuna anayetaka kava. Anayejibiwa harudi kununua. Anayejibiwa vibaya anarudi kugombana. Jana mama mmoja alimuuliza Mtaa wa Pemba uko wapi, naye akamwelekeza bandarini.

"Bandarini?" Bi Zamzam akauliza.

"Ndiyo, mama. Nilimpa namba yangu, akanipigia yuko kwenye foleni ya boti."

Husna alikuwa jikoni. Anasema alisikia sauti, akadhani mama anakohoa. Alipotoka akamkuta anacheka, miwani imeshuka mpaka kidevuni.

Kesho yake Bi Zamzam akarudi Mkunguni. Bushiri alimpa kiti karibu na mlango, na yeye akaja na daftari jipya. Hakuwa na mshahara wala cheo. Alikuwa na chai ya saa nne, na Bushiri alikuwa hana tena ugomvi. Alikaa pale miaka sita, mpaka presha ilipomlaza mwanzoni mwa mwaka huu. Mgeni wa mwisho kuandikwa kwenye daftari lake alitoka Newala, na shida yake ilikuwa mizani ya samaki.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi hapa redioni, tunampa pole Husna na wanawe. Pole kwa ndugu wa Narung'ombe na Buguruni. Pole kwa Bushiri, ambaye Ijumaa alifunga duka na kubeba jeneza mpaka makaburini Kisutu. Mungu ampe mama yetu kauli thabiti. Na sisi tuliobaki tujipime. Leo kuna mtu atakusimamisha njiani akuulize. Ukijua, mpeleke hata hatua kumi. Usipojua, sema hujui. Si aibu.

Hitma itasomwa Jumapili baada ya Alasiri, nyumbani kwa marehemu, Buguruni. Tulipiga simu kuuliza nyumba ilipo, ili tuwatangazie. Husna alituambia tushike barabara ya msikiti, nyumba yenye geti la bluu. Mumewe akachukua simu, akasema tusishike barabara ya msikiti, tupite nyuma ya wachomelea vyuma. Kwa nyuma tukasikia mtu mwingine akisema geti lilishapakwa rangi, si la bluu tena. Tukauliza sasa ni la rangi gani. Wakabishana kidogo. Halafu Husna akarudi kwenye simu, akasema, "Mtusamehe. Sisi siku zote tulikuwa tunamuuliza mama."

Basi shukeni Buguruni, wasikilizaji wapendwa. Mkifika, ulizeni.